Sheria ya zamani isiyotumika, je, hufa yenyewe?

SWALI: Shikamoo wakili. Bibi yetu, mzaliwa wa Ngamiani hapa Tanga, hutusimulia kwamba enzi za ukoloni Mwafrika hakutembea mjini usiku bila kandili na karatasi, ngoma haikupigwa bila ruhusa ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, na bia ya chupa ilikuwa marufuku kwake kwa sheria. Sisi vijana tulidhani ni hadithi za wazee. Lakini hivi karibuni, tulipokuwa na ngoma ya harusi ya dada yetu, alikuja ofisa mmoja akatuambia kwamba tunavunja "sheria ya ngoma ya tangu mkoloni ambayo haijafutwa", akataka faini papo hapo, taslimu. Naomba kujua: sheria hizo zilikuwepo kweli? Zilikwisha vipi? Na sheria isiyotumika miaka mingi, haifi yenyewe?

JIBU: Marahaba. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine yote. Katika mfumo wa sheria unaotumika Tanzania Bara, sheria iliyotungwa na mamlaka halali haifi kwa kuzeeka wala kwa kusahauliwa. Inakoma pale Bunge linapoifuta, pale mamlaka iliyotunga sheria ndogo inapoiondoa, au pale mahakama inapoamua kwamba inapingana na Katiba. Msimamo huu tuliurithi kwa Waingereza, ambao mahakama zao hazikubali kwamba sheria ya Bunge inaweza kufutika kwa kutotumika tu. Jirani zao wa Uskoti, kwa sheria zao za kale zaidi, wanakubali jambo hilo, lakini sisi hatukuletewa sheria ya Uskoti. Kwa hiyo anayesema kwamba "sheria hii ni ya zamani, haina nguvu" amekosea, na anayesema kwamba "sheria hii ni ya zamani, bado ina nguvu" naye hajasema lolote mpaka aioneshe.

Hapo ndipo ofisa wenu alipokwama. Yawezekana kabisa kwamba ngoma yenu ilihitaji kibali, lakini si kwa sababu ya mkoloni. Halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, na sehemu nyingi sheria ndogo hizo zinagusa kelele, kufunga barabara kwa turubai, na saa za mwisho za kupiga muziki. Pia kuna kanuni za mazingira zinazoweka viwango vya sauti. Ofisa anayetumia moja ya hizo anapaswa kuitaja kwa jina, mwaka na kifungu, na sheria ndogo yenyewe lazima iwe imetangazwa katika Gazeti la Serikali, maana hilo ndilo linaloifanya imfunge mwananchi. Faini hutozwa na mahakama. Baadhi ya sheria ndogo humruhusu mkurugenzi au ofisa aliyeteuliwa kufifilisha kosa, yaani kupokea malipo bila kwenda mahakamani, lakini hilo hufanyika kwa mtu aliyekiri kosa kwa maandishi, kwa kiwango kilichotajwa, na kwa kontrol namba inayotoa stakabadhi ya Serikali. Fedha taslimu inayotolewa kando ya jukwaa la harusi, bila karatasi, haiwezi kuitwa faini kwa sheria yoyote, iwe ya zamani au ya sasa. Kama mlilipa, mna haki ya kuuliza kwa barua mlilipia nini. Na kama hamkulipa, hamdaiwi kitu mpaka mletewe shauri lenye kifungu.

Sasa turudi kwa bibi yenu, ambaye nadhani anastahili kusikilizwa kwa makini kuliko vitabu vingi.

Karatasi anayoizungumzia ilikuwa ya aina zaidi ya moja. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba na vibanda mwaka 1898, na mtu aliyekamatwa bila uthibitisho wa kulipa alijikuta akifanya kazi badala ya kulipa. Huku kwetu lililotia fora lilikuwa kipande. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, kuanzia mwaka 1907 kila mwanamume wa Kiafrika alitakiwa kubeba kipande kinachoonesha kwamba amefanya kazi siku 30 kwa mzungu ndani ya miezi 4, kwa ujira uliopangwa. Asiyefanya hivyo alipelekwa kwenye kazi za umma. Mashamba ya kahawa ya Usambara na ya mkonge ya mwambao yalihitaji mikono, na wakulima wa milimani hawakuwa na sababu ya kuacha mahindi yao kwenda kukata mkonge wa mtu mwingine. Kwa hiyo sheria ilifanya kazi ambayo ujira haukuweza kuifanya. Mtu akiisoma leo anaona kanuni ya ajira, lakini kwa aliyeishi chini yake ilikuwa sheria ya mwenendo, kwa sababu iliamua ni nani anaweza kukaa barazani asubuhi na ni nani akionekana hapo ni mkosaji.

Waingereza walipochukua Tanganyika walikiacha kipande cha Usambara, lakini hawakuliacha wazo lenyewe. Kanuni za miji za miaka ya 1920 zilimwekea "native", yaani mwenyeji wa Kiafrika, masharti ya kutembea usiku ndani ya mji, na zilimtaka aombe ruhusa kabla ya kupiga ngoma. Kandili ya bibi inaingia humo: usiku, mtu asiye na taa na asiye na maelezo alihesabiwa kuwa ana nia mbaya. Mwaka 1923 ilitungwa sheria ya mafukara, ambayo iliwapa watawala uwezo wa kumrudisha kijijini mtu aliyeonekana hana kazi wala njia ya kujikimu, na mwaka 1944 ikafuata sheria ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa". Soma vizuri neno hilo. Halikusema watu waliofanya kosa. Kijana aliyeshuka kutoka Handeni au Muheza kutafuta kibarua bandarini angeweza kupakiwa kwenye gari na kurudishwa kwao bila kuiba hata nazi moja.

Ramani ya mji nayo ilitungiwa sheria. Kanuni za ujenzi ziligawa miji katika maeneo kwa aina ya nyumba, na kwa kuwa aina ya nyumba ilifuata uwezo wa mwenye nyumba, na uwezo ulifuata rangi, matokeo yake yalikuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini bila sheria kulazimika kutaja rangi waziwazi. Anayetoka Raskazone kwa miguu, akapita mjini penye maduka na maghorofa ya kale, akavuka reli na kuingia kwenye mitaa iliyonyooka ya Ngamiani yenye barabara za namba, anaitembea kanuni hiyo mpaka leo, ingawa hakuna tena anayemzuia.

Kuhusu bia ya chupa bibi amesema kweli tupu. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels mwaka 1890, na tena Saint-Germain-en-Laye mwaka 1919, kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Hoja iliyotajwa ilikuwa kuwalinda wenyeji. Tanganyika ilikwenda mbele zaidi, na mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Mwafrika hakuruhusiwa hata bia ya kiwandani. Ruhusa ya pombe kali ikafuata katika miaka ya 1950. Wakati huo huo tembo la mnazi liliuzwa kwenye vilabu vyenye leseni, na mapato ya vilabu yaliingia kwenye mifuko ya mji. Sheria iliyodai kulinda maadili ya mnywaji ilikuwa pia ikiendesha mji kwa fedha yake. Mimi si mtetezi wa pombe, lakini ni vigumu kuamini kwamba chupa ilikuwa na madhara kwa mtu mmoja na haina madhara kwa jirani yake wa Uzunguni.

Viboko vilifuata mpango huo huo. Amri ya Kijerumani ya mwaka 1896 iliyoweka kipimo cha viboko, ambavyo wazee wanavikumbuka kwa jina la hamsa ishirini, iliwaondoa wanawake, Waarabu na Wahindi katika adhabu hiyo. Kosa lilikuwa moja, na ngozi ndiyo iliyoamua adhabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, ingawa kupenda si neno linalofaa, unamhusu mtu wa Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika kwa Kiswahili desturi za watu wa mwambao kwa ufasaha ambao haujapitwa, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, ndoa halali iliyofungwa Ujerumani kwa sheria ya Ujerumani. Mwaka uliofuata alitaka kurudi nyumbani pamoja na mkewe, na utawala wa koloni ukawazuia. Amri rasmi ya kukataza ndoa kati ya wazungu na wenyeji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuja mwaka 1906, yaani alizuiwa kabla katazo halijaandikwa. Hakurudi tena Bagamoyo. Alifia Berlin mwaka 1927. Ninawaeleza wanafunzi wangu kisa hiki kwa sababu kinaonesha mpangilio ambao watu wengi hawautarajii: mara nyingi sheria za mwenendo hazianzishi katazo, bali hulitia muhuri katazo ambalo wenye nguvu wameshaanza kulitekeleza. Amri ile ilikwisha pamoja na utawala ulioitoa, bila kufutwa na Bunge lolote la kwetu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kabla ya wageni mwambao haukuwa na masharti ya namna hii. Katika jamii ya waungwana na watumwa, nani avae viatu, nani afunike kichwa, nani avae kaniki na nani avae kanzu yalikuwa mambo ya daraja, na mtumwa hakuoa bila idhini ya bwana wake. Hayo yalikuwa desturi zaidi kuliko sheria iliyoandikwa, lakini yaliuma vilevile. Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Walitamka tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na utumwa wenyewe ulikatazwa kisheria na Waingereza mwaka 1922. Kaniki na kanga zikabaki kuwa nguo tu.

Wala jambo hili halikuwa la Afrika peke yake. Roma ya kale ilipitisha mwaka 215 kabla ya Kristo sheria iliyomkataza mwanamke kumiliki dhahabu zaidi ya nusu wakia, kuvaa vazi la rangi nyingi au kupanda gari la farasi mjini. Vita vya Roma na Karthago, vilivyoileta sheria hiyo, vilipokwisha wanawake walijaa barabarani wakidai ifutwe, na ikafutwa mwaka 195. Paris ilikuwa na amri ya polisi ya Novemba 1800 iliyomtaka mwanamke anayetaka kuvaa suruali aombe kibali. Ililegezwa mwaka 1892 na 1909 kwa mwanamke mwenye kushika hatamu za farasi au usukani wa baiskeli, halafu ikasahauliwa, hadi Januari 2013 waziri wa haki za wanawake alipotamka kwamba haina nguvu kwa kuwa inapingana na usawa ulioandikwa katika Katiba ya Ufaransa. Kwa Wafaransa, basi, Katiba ilikuwa imeiua amri hiyo miaka mingi kabla mtu hajajishughulisha kusema hivyo. Japani mambo yalikwenda kinyume. Sheria yao ya mwaka 1948 ilizuia kumbi kuruhusu watu kucheza dansi usiku wa manane, na kwa miaka mingi polisi waliifumbia macho, mpaka karibu mwaka 2010 kumbi za Osaka zilipoanza kuvamiwa. Wenye kumbi na wasanii walipambana, na Bunge likairekebisha mwaka 2015. Huo ndio mfano ninaowapa wanaoniambia kwamba sheria iliyolala haina madhara.

Kwetu sisi, mlango ambao sheria nyingi za zamani zilipitia ni tarehe 22 Julai 1920. Sheria inayoongoza matumizi ya sheria nchini inasema kwamba mahakama zitatumia, pamoja na sheria zetu, kanuni za Uingereza zilizojengwa na hukumu za mahakama (common law), kanuni za usawa (equity), na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo, kwa kadiri mazingira ya hapa yanavyoruhusu. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichotuokoa na mengi, maana jaji anaweza kusema kwamba sheria fulani ya Kiingereza haiwahusu watu wa Tanga.

Mlango wa kutokea ulifunguliwa kwa upana mwaka 1984, Haki za Binadamu zilipoingizwa katika Katiba. Ibara ya 13(2) inakataza sheria yoyote kuweka sharti la ubaguzi, wa dhahiri au kwa matokeo yake. Serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha nyumba kabla watu hawajaruhusiwa kushtaki, hivyo haki hizo zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Zaidi ya hapo, sheria iliyoambatana na mabadiliko hayo iliwaagiza majaji wazisome sheria zilizokuwepo kwa marekebisho yoyote yanayohitajika ili ziendane na Katiba. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliutumia uwezo huo mwaka 1990, katika shauri la mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi. Kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya namna hiyo bila kuiuza. Jaji alisema kanuni hiyo isomwe kana kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Kwa hukumu moja, sharti lililoongoza koo nyingi likapoteza meno, ingawa karatasi yake haikuondolewa kwenye kabati.

Njia ya mahakama ina udhaifu wake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Mwaka mmoja uliotolewa wa kurekebisha ukapita bila Bunge kubadilisha kitu. Sheria inaweza kuhukumiwa na bado ikaendelea kuchapishwa.

Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyojulikana zaidi kwa kupendekeza vyama vingi, iliorodhesha pia sheria 40 ambazo ilisema zinakandamiza na zinapaswa kufutwa au kurekebishwa, zikiwemo sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kushtakiwa ya mwaka 1962 na sheria ya kikoloni ya kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine. Baadhi zilifutwa, baadhi zilirekebishwa, na baadhi ziliishi miaka mingi baada ya ripoti. Uzoefu wangu ni kwamba sheria hufutwa haraka inapomsumbua mtu mwenye sauti. Inayowasumbua wachuuzi na vijana wa vijiweni husubiri.

Sheria iliyofutwa vizuri ni ile ya mwaka 1949 ya matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilibaki hapo wakati shilingi 100 ilikuwa imeshuka hadi kutotosha mkate. Mahakimu waliokuwa na huruma walitafuta njia za kuikwepa, na wasio na huruma waliitumia ilivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliiondoa.

Inayonipa wasiwasi zaidi ni ya uzururaji. Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu vinamzungumzia mtu mzembe, mkorofi na mzururaji, na maneno yake yanatoka karibu moja kwa moja katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa London ilipojaa askari walioachishwa kazi baada ya vita vya Napoleon. Humo mtu anaweza kuwa mkosaji kwa kuonekana barabarani saa fulani na katika hali inayomfanya askari aamini kwamba yupo hapo kwa nia mbaya, au kwa kushindwa kueleza anajikimu vipi. Hebu linganisha na kandili ya bibi. Neno "native" limeondoka, lakini swali la askari ni lile lile: wewe ni nani, unafanya nini hapa saa hizi? Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, swali hilo liliulizwa tena kwa kishindo, watu wakakamatwa Dar es Salaam wakitakiwa kuthibitisha kazi zao na kupelekwa vijijini, na hapo wakoloni walikuwa wameondoka zaidi ya miaka 20. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za aina hii zinapingana na Mkataba wa Afrika na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Maoni hayo yana uzito mkubwa, lakini hayafuti kifungu chenyewe. Kwa hiyo kijana anayekamatwa kwa uzururaji hapa Makorora au Chumbageni hawezi kusema tu kwamba sheria hiyo ni ya mwaka 1824 na ameiona kwenye simu kuwa imepitwa na wakati; anahitaji kudai kwamba hakukuwa na ushahidi wa nia yoyote mbaya, na mara nyingi madai hayo hushinda kwa sababu ushahidi haupo.

Kuna kundi jingine ambalo watu hulidhania limekufa, nalo ni sheria za mapenzi. Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotumika Tanganyika kabla ya mwaka 1930, ilimfanya mwanamume anayezini na mke wa mtu kuwa mhalifu. Kanuni yetu ya mwaka 1930 iliiacha jinai hiyo, wakati India yenyewe iliendelea nayo mpaka Mahakama ya Juu yake ilipoibatilisha Septemba 2018. Kwa hiyo anayefumaniwa Tanzania Bara hafungwi kwa ugoni wenyewe. Hata hivyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mume au mke kumdai fidia ya ugoni aliyezini na mwenzake, inaruhusu kudai fidia kwa aliyemrubuni mwenzi akaacha nyumba yake, na inamruhusu aliyeahidiwa ndoa na kutupwa kushtaki kwa kuvunjiwa ahadi, pamoja na kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa. Kinachonishangaza kila nikifundisha somo hili ni tarehe. Waingereza walizifuta kesi za aina zote tatu kwa sheria ya mwaka 1970 iliyoanza kazi Januari 1971. Sisi tulizitunga kwenye sheria yetu mpya mwaka huo huo. Sisemi tulikosea. Mchumba aliyetupwa baada ya familia kulipa mahari na kukodi ukumbi hapa Tanga ana hasara halisi, na kwangu ni afadhali aende mahakamani kuliko kwenda na kaka zake. Lakini wanaofikiri kwamba mambo haya ni ya zama za bibi wanajidanganya, kwani kesi za ugoni bado zinafunguliwa.

Neno moja kuhusu mavazi, maana najua litaulizwa. Wazee wanaokumbuka vijana wakichaniwa suruali za kubana na wanawake wakivuliwa mawigi na kufukuzwa kwa sababu ya sketi fupi wanakumbuka Operesheni Vijana, iliyotangazwa mwaka 1968 na kuanza Januari 1969 Dar es Salaam. Lilikuwa azimio la Umoja wa Vijana wa TANU. Bunge halikulipitisha kuwa sheria, na hivyo halikuhitaji kufutwa, lilipoa lenyewe. Mengi ambayo watu wanayakumbuka kama sheria za mwenendo yalikuwa ya aina hii: agizo la chama, tangazo la mkuu wa wilaya, au hasira ya umati iliyopewa sare. Siku hizi ubishi umehamia kwenye ngoma za baikoko na vigodoro, na nasikia wazee wa pande zote mbili wakisema "sheria inakataza" au "sheria inaruhusu" bila hata mmoja kufungua kitabu.

Ukitaka kukifungua, anza na toleo la karibuni la sheria zilizofanyiwa urekebu, ambapo kila sheria ina namba ya sura, na hakikisha huangalii toleo la mwaka 2002 wakati mengine yameshatoka. Sheria isiyokuwemo huenda imefutwa, lakini tafuta sheria iliyoifuta, ambayo kwa kawaida huitaja kwa jina katika vifungu vyake vya mwisho. Kwa sheria ndogo, omba namba ya Tangazo la Serikali na uombe kuisoma ofisini. Ni haki yako na hulipii kusoma. Kumbuka pia kwamba Ibara ya 13(6)(c) inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa kisheria lilipotendeka, na kwamba Zanzibar ina sheria zake katika mambo mengi ya hapa, kwa hiyo jibu la Pemba linaweza kutofautiana na la Tanga ingawa ng'ambo inaonekana karibu. Kama lugha ya sheria inakuchosha, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawatozi wasio na uwezo, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa tafsiri ya sheria zote za zamani ni kazi ndefu. Ukimwandikia ofisa, andika kwa Kiswahili, taja tarehe na mahali, uliza kifungu kimoja tu, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.